Mafundi wa Mashine Wasizoweza Kuzigusa

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Unguja ilikuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya angani. Februari 20, 1962, mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, sauti yake ilipokewa Kano, Nigeria, ikadakwa Unguja, kisha ikakabidhiwa meli iliyokuwa ikisubiri katika Bahari ya Hindi. Baadhi ya wanasiasa wa visiwani hawakukipenda kituo kile hata kidogo; waliona ni vita vya wakubwa vimeletewa uwanja nyumbani kwao. Mapinduzi ya Januari 1964 yakaufunga mjadala. Kituo kikaondolewa, na kazi yake ikahamia Tananarive, kule Bukini.

Kinachosahaulika ni kwa nini mlolongo ule wa vituo ulihitajika. Ndani ya chombo cha Glenn hamkuwa na kompyuta hata moja. Kompyuta zilikuwa Maryland, za IBM, zimejaza vyumba, na takwimu zote ziliwafikia wahesabuji kwa simu na teletaipu kutoka vituo vya mbali. Chombo chenyewe kilikuwa kama mzigo uliorushwa. Akili ilibaki chini. Fundi wa kompyuta wa zama hizo aliweza kwenda chooni, akarudi, akaikuta mashine yake pale pale, akaifungua na kuichokonoa.

Mwezi ulivuruga utaratibu huo. Chombo kikipita nyuma ya mwezi, redio haifiki. Isitoshe, Wamarekani walihofu kwamba Warusi wangeweza kuvuruga mawasiliano kwa makusudi. Ikaamuliwa kompyuta ipande chomboni. Agosti 1961 maabara ya Charles Stark Draper katika chuo cha MIT, mjini Cambridge, Massachusetts, ikapewa kazi ya kubuni mfumo wa uongozaji, na huo ndio ukawa mkataba mkubwa wa kwanza wa mradi wa Apollo, wa kupeleka watu mwezini. Katika mipango ya awali kazi ya kuandika programu haikutengewa ratiba wala fungu lake. Ilidhaniwa ni jambo dogo litakalofanywa na mtu fulani, siku fulani. Miaka michache baadaye lilikuwa linawakesha mamia ya watu, na Margaret Hamilton, aliyekuja kuongoza kikosi cha waandishi wa programu za chomboni, alipoanza kuiita kazi yao uhandisi, wenzake waliokuwa wakibuni roketi na mitambo walilichukulia jina hilo kama mzaha.

Kompyuta yenyewe ilikuwa na uzito wa kilo 32 hivi. Kumbukumbu yake ya kudumu ilibeba maneno 36,864 ya biti 16 kila moja, yaani kilobaiti 72, kiasi ambacho leo hakitoshi hata picha moja ya simu. Na kumbukumbu hiyo ilifumwa kwa mkono. Katika kiwanda cha Raytheon huko Waltham, mji uliokuwa na sifa ya saa na nguo, wanawake walikaa mbele ya fremu na sindano, wakipitisha waya mwembamba katika pete ndogo za sumaku. Waya ukipita ndani ya pete, hiyo ni moja. Ukipita kando, hiyo ni sifuri. Kosa la fundi wa Cambridge liliposhonwa Waltham, halikuwa la kufutwa kwa kitufe, kwa hiyo programu ililazimika kukamilika miezi kabla ya safari. Kilichoweza kubadilishwa njiani ni maneno 2,048 tu ya kumbukumbu ya muda.

Nadhani ufundi wa kuandikia programu mashine zisizoweza kuguswa ulizaliwa hapo, katika ukali huo. Anayeandika programu ya ofisini huuliza itafanya kazi vipi. Wale wa Cambridge walilazimika kuuliza swali la pili, ambalo ndilo lililokuja kuutenga ufundi wao na mwingine wote: ikiharibika nikiwa siwezi kuifikia, nimeiachia njia gani ya kujiokoa?

Jibu la kwanza lilitoka kwa Hal Laning, mwanahisabati mkimya wa maabara hiyo. Badala ya kuipangia kompyuta ratiba ngumu ya kazi moja baada ya nyingine, alibuni utaratibu wa kuipa kila kazi kipaumbele. Yenye uzito zaidi hutangulia, nyingine husubiri. Juu ya utaratibu huo ikajengwa kinga: programu zilihifadhi mahali zilipofikia, ili kompyuta ikizidiwa ijizime, ijiwashe, iendelee na yale ya lazima na kuyaacha ya ziada. Mmoja wa walioandika juu ya msingi huo ni Don Eyles, kijana aliyeajiriwa mwaka 1966 akitoka kusoma hisabati, bila uzoefu wowote wa kompyuta. Alipewa sehemu ya kutua mwezini.

Julai 20, 1969, Neil Armstrong na Buzz Aldrin wakiwa kilomita zipatazo 10 juu ya mwezi, kompyuta ikaonyesha onyo namba 1202. Hawakujua maana yake. Chumba cha kuongozea safari huko Houston nacho, karibu chote, hakikujua. Aliyejua ni Jack Garman, mwenye umri wa miaka 24, aliyekuwa chumba cha nyuma akimsaidia Steve Bales, afisa wa uongozaji. Wiki chache kabla, katika mazoezi, onyo la aina hiyo lilimfanya Bales aamuru safari ivunjwe bila sababu ya maana. Baada ya aibu hiyo mkuu wao, Gene Kranz, aliagiza maonyo yote yaandikwe na hukumu ya kila moja. Garman aliyaandika kwa mkono na karatasi akaiweka juu ya meza. Kwa hiyo 1202 ilipotokea hakuhitaji kufikiri sana. Alisema kwamba kama onyo halijirudii mfululizo, waendelee. Likaja tena, na tena, likaja na ndugu yake 1201. Kila mara kompyuta ilijizima na kujiwasha kwa muda mfupi mno, ikadondosha kazi ndogondogo, ikabaki na usukani.

Chanzo kilikuja kujulikana baadaye, na kinafaa kusimuliwa kwa sababu kinaonyesha makosa ya kazi hii yanavyofanana. Rada ya kukutania na chombo mama ilikuwa imeachwa imewashwa, swichi yake ikiwa mahali ambapo haikutarajiwa. Rada na kompyuta zilitumia umeme wa mawimbi ya mapigo 800 kwa sekunde kutoka vyanzo viwili. Hati ya makubaliano kati ya wajenzi ilisema mapigo yalingane kwa kasi. Haikusema yaanze pamoja. Siku ile yakaachana, na rada ikaanza kuimiminia kompyuta mipigo ya uongo kwa maelfu kila sekunde, kana kwamba antena inayumba huku na huku. Kuihesabu tu kulikula karibu asilimia 13 ya muda wa kompyuta, muda ambao haukuwa na akiba kubwa. Hakukuwa na mstari mbovu katika programu. Kulikuwa na sentensi pungufu katika karatasi, na mkosaji wa kumnyooshea kidole hakuwepo.

Eyles alisikiliza yote hayo kwa redio akiwa Cambridge pamoja na wenzake. Zamu yake ilifika Februari 1971. Apollo 14 ikiwa inazunguka mwezi, swichi ya kuvunja safari ilianza kutoa ishara yenyewe, ingawa hakuna aliyeigusa. Ukigonga ubao kwa kidole, ishara inatoweka. Baada ya muda inarudi. Pengine kipande cha risasi ya kuchomelea kilikuwa kinaelea ndani. Endapo ishara ile ingetokea injini ikiwaka kushuka, kompyuta ingetii, ingegeuza chombo na kuwarudisha juu Alan Shepard na Edgar Mitchell wakiwa hawajakanyaga chochote. Programu ilikwisha kufumwa kwa waya, isingebadilishwa. Muda uliobaki ulikuwa wa saa mbili hivi.

Eyles akaingia kwa mlango wa nyuma. Alijua kwamba kompyuta, kabla ya kutii swichi, huangalia kwanza kama programu ya kuvunja safari tayari inaendeshwa. Kama inaendeshwa, haina haja ya kuianzisha upya. Basi akaandika mfululizo wa vitufe vya kubonyeza ili kompyuta idanganywe kwamba imekwisha kuvunja safari, huku ikiendelea kutua. Maelekezo yakasomwa kwa redio, tarakimu baada ya tarakimu, Mitchell akabonyeza, na Februari 5 wakatua. Eyles alikuwa na umri wa miaka 27, na magazeti yalimfurahia sana, hasa kwa nywele zake. Yeye akarudi kazini. Alibaki katika maabara hiyo hiyo, iliyokuja kujitenga na MIT na kuitwa Draper, mpaka miaka ya 1990, akipita zama za Space Shuttle hadi kituo cha anga cha kimataifa, ambako Timeliner, lugha ya kupanga mfululizo wa kazi aliyoibuni na wenzake, ilitumika.

Huku duniani mashine zilikuwa zinajifunza kusogea. Mwaka 1961 kiwanda cha General Motors huko New Jersey kilianza kutumia Unimate, mkono wa chuma wenye uzito wa karibu tani 2 uliobuniwa na George Devol na kuuzwa kwa bidii na Joseph Engelberger. Kazi yake ilikuwa kuchukua vipande vya chuma vikiwa moto kutoka mashine ya kuvisubu. Hakukuwa na mwandishi wa programu wa kuudhibiti. Fundi aliuongoza mkono hatua kwa hatua, na ngoma ya sumaku ikakariri. Kwa upande mwingine wa bara, California, watafiti wa SRI walimjenga Shakey, roboti iliyotembea kwa magurudumu ikitetemeka, kisha ikasimama kufikiri. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 1968 Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael walichapisha kanuni ya kutafuta njia fupi ambayo mpaka leo imo katika ramani za simu na michezo ya kompyuta. Roboti hizo hazikuwa na haraka. Mwaka 1979 kigari cha Hans Moravec kule Stanford kilivuka chumba kilichojaa viti kwa muda wa saa 5 hivi, kikisogea mita moja na kutulia kwa robo saa kutafakari picha.

Kilichobadili kila kitu ni bei. Novemba 1971 kampuni ya Intel ilitangaza chipu ya 4004, yenye transista 2,300, iliyotengenezwa mwanzoni kwa ajili ya mashine za hesabu za kampuni ya Kijapani ya Busicom. Kabla ya muongo kwisha chipu za aina hiyo zilikuwa ndani ya mashine za kufulia, mizani, na mashine za kuuzia petroli. Magari yakafuata kwa msukumo wa sheria za hewa safi za Marekani; kufikia 1981 General Motors iliweka kompyuta katika takriban magari yake yote ya petroli yaliyouzwa nchini humo. Ufundi uliokuwa wa watu mia nne wa Cambridge ukawa wa kila kiwanda. Lakini ule mzigo wa hofu, ule ukali wa kufuma kwa waya, haukusafiri pamoja na chipu. Ndiyo maana miaka ya 1980 inasomeka vibaya.

Therac-25 ilikuwa mashine ya Kikanada ya kutibu saratani kwa mionzi. Iliweza kufanya kazi kwa namna mbili: kutoa miale hafifu ya elektroni moja kwa moja, au kutoa miale mikali mno iliyogonga kwanza kinga ya chuma na kugeuka eksirei. Mashine zilizotangulia zilikuwa na vizuizi vya umeme na vyuma vilivyozuia miale mikali isitoke bila kinga kuwa mahali pake. Katika Therac-25 vingi viliondolewa, ulinzi ukaachiwa programu, na programu hiyo iliandikwa kwa sehemu kubwa na mtu mmoja.

Machi 1986, katika hospitali ya mji wa Tyler, Texas, mwendeshaji aliyekuwa na mazoea ya mashine aliandika herufi ya eksirei, akagundua amekosea, akapandisha alama juu, akasahihisha kuwa elektroni, akashuka haraka na kuanzisha tiba. Sumaku za mashine zilihitaji sekunde 8 hivi kujipanga, na katika muda huo programu haikutazama tena kilichobadilishwa. Kioo kikaandika Malfunction 54. Kitabu cha maelekezo hakikusema la maana kuhusu namba hiyo. Mgonjwa alikwisha kupigwa na mionzi iliyozidi dozi yake zaidi ya mara themanini, na mashine ikidai amepewa pungufu. Wiki tatu baadaye ikatokea tena, hospitali ile ile, mwendeshaji yule yule.

Safari hii mwanafizikia wa hospitali hakukubali kuambiwa kwamba haiwezekani. Yeye na mwendeshaji walijifungia na mashine wakarudia kuandika na kusahihisha, kuandika na kusahihisha, mpaka wakaweza kuliita kosa lile wanapotaka. Siri ilikuwa kasi ya vidole. Watengenezaji walipojaribu wenyewe hawakuona kitu, kwa sababu walikuwa wakiandika polepole kama watu wanaofanya majaribio. Kati ya 1985 na 1987 mashine za aina hiyo ziliwadhuru watu 6, baadhi yao wakafa. Uchunguzi wa Nancy Leveson na Clark Turner, uliochapishwa mwaka 1993, unasomeshwa hadi leo kwa wanafunzi wa fani hii, na sidhani kuna maandishi yaliyowatia adabu wahandisi zaidi ya hayo.

Mengine yanajulikana. Dhahran, Februari 25, 1991: saa ya mtambo wa Patriot wa kudungua makombora ilikuwa imepotoka kwa thuluthi moja ya sekunde baada ya kuwashwa saa 100 mfululizo, kombora la Scud likapita, wanajeshi 28 wakafa. Kourou, Juni 4, 1996: roketi ya kwanza ya Ariane 5 ilijilipua sekunde chache tu baada ya nusu dakika, kwa kuwa namba kubwa ililazimishwa kuingia katika nafasi ya biti 16, ndani ya programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4, kwa kazi ambayo roketi ikishapaa haikuwa na faida yoyote.

Julai 4, 1997, Mars Pathfinder ilitua kwenye sayari ya Mirihi ikibeba Sojourner, kigari cha kilo kumi na kidogo. Picha zikajaza magazeti ya dunia. Siku chache baadaye kompyuta ya chombo ikaanza kujizima na kujiwasha. Kila ilipofanya hivyo kazi zilizobaki za siku hiyo ziliahirishwa mpaka kesho. Glenn Reeves na kikosi chake katika maabara ya JPL, Pasadena, walikuwa na pacha wa chombo kile, kompyuta ile ile na programu ile ile, wakaipa kazi zile zile mpaka nayo ikajizima mbele yao.

Programu ya Pathfinder iliendeshwa juu ya mfumo wa VxWorks wa kampuni ya Wind River, kwa utaratibu wa vipaumbele ambao Laning angeutambua mara moja. Kazi ya juu kabisa ilisimamia njia kuu ya taarifa na kukagua mara 8 kwa sekunde kama kila kitu kimekamilika. Kisipokamilika, mfumo ulijizima kwa usalama. Kazi ya chini kabisa ilikusanya vipimo vya hewa. Zote mbili zilitumia kufuli moja. Ni kama bwana mkubwa aliyefika kuchukua ufunguo wa ghala, akaambiwa unao mfagiaji, na mfagiaji amezuiliwa mlangoni na karani mwenye maneno mengi asiyejua kwamba bwana anasubiri. Karani huyo, kwenye Mirihi, alikuwa kazi ya mawasiliano, ya kipaumbele cha kati, tena ndefu. Mpaka amalize maneno yake, mkaguzi amekwisha kukata tamaa na kuzima mfumo.

Ugonjwa huo ulijulikana. Mwaka 1990 Lui Sha, Ragunathan Rajkumar na John Lehoczky walikuwa wamechapisha tiba yake: anayeshika kufuli aazimwe cheo cha anayemsubiri, mpaka aliachie. VxWorks ilikuwa na tiba hiyo ndani, ila kwa kufuli lile swichi yake ilikuwa imeachwa imezimwa. Cha kutia moyo katika kisa hiki si kosa bali ni kile ambacho Reeves na wenzake hawakukiondoa. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuvua zana zote za uchunguzi kabla ya safari ili kupunguza uzito wa programu. Wao waliziacha, kwa hoja kwamba kilichojaribiwa ndicho kiruke. Zana hizo ndizo zilizowaonyesha mfuatano wa matukio, kisha wakatuma marekebisho madogo ya kuiwasha swichi ile. Kujizima kukakoma. Jambo la aibu kidogo ni kwamba kompyuta ilikwisha kujizima mara chache katika majaribio kabla ya kuondoka duniani. Kwa kuwa haikujirudia walipotaka, na kutua kulikuwa na hatari kubwa zaidi za kushughulikia, likawekwa kando.

Miaka saba baadaye Reeves huyo huyo aliitwa tena. Januari 21, 2004, kigari Spirit, nacho kikiwa kwenye Mirihi, kilinyamaza baada ya siku 18 za kazi. Faili zilikuwa zimejaa katika hifadhi yake tangu safarini, orodha yao ikameza kumbukumbu ya kazi, kompyuta ikaanguka, ikajiwasha, ikasoma orodha ile ile, ikaanguka. Ilifanya hivyo zaidi ya mara 60, bila kulala usiku, ikimaliza betri. Kilichokiokoa kigari ni amri moja ya kiwango cha chini iliyowekwa zamani kwa siku kama hiyo: washa bila kugusa hifadhi. Kigari kilichokadiriwa siku 90 kikaendelea kuwasiliana mpaka Machi 2010.

Baadaye chipu za simu zikazipita kompyuta za angani mbali kabisa, na helikopta Ingenuity, iliyoruka Mirihi kwa mara ya kwanza Aprili 19, 2021, ilitumia chipu ya simu na mfumo wa Linux. Katika safari yake ya sita picha moja ya kamera ilipotea njiani. Picha zote zilizofuata zikabeba saa isiyo yake, chombo kikadhani kiko mahali ambapo hakipo, kikaanza kuyumba kama mlevi. Kilitua salama kwa sababu wabunifu walikuwa wameamua mapema kwamba sekunde za mwisho za kushuka zisitegemee kamera. Kiliruka mara 72.

Na bado kazi ngumu kuliko zote ilifanywa kwa mashine ya kizamani kabisa. Voyager 1, iliyorushwa mwaka 1977, Novemba 2023 ilianza kutuma takataka. Chipu moja ya kompyuta inayopanga taarifa ilikuwa imekufa, na asilimia 3 ya kumbukumbu yake ikafa nayo. Wengi wa walioiandika programu ile walikwisha kustaafu au kufariki, kwa hiyo wahandisi wa JPL walisoma hati za nusu karne iliyopita, wakakata msimbo vipande, wakatafuta penye mianya kila kipande kilipoweza kuhamia, na kurekebisha kila mahali palipoelekeza kwenye anwani ya zamani. Aprili 18, 2024, wakatuma kipande cha kwanza. Amri ilihitaji saa 22 na nusu kufika, na jibu muda kama huo kurudi. Aprili 20 Voyager ikaeleza tena hali ya afya yake.

Rwanda inaonyesha upande wa pili wa ufundi huu, ule wa mashine inayorudi nyumbani. Tangu Oktoba 2016, kutoka kilima cha Muhanga, ndege zisizo na rubani za Zipline hurushwa kwa manati zikipeleka damu hospitalini, hudondosha kifurushi kwa mwavuli wa karatasi, kisha hurudi na kudakwa kwa kamba iliyotandazwa kati ya nguzo mbili. Kabla ya kurusha, fundi wa Kinyarwanda huielekezea ndege kamera ya simu. Programu ya ndege husogeza mikia na vibawa, na programu ya simu hukagua kwa picha kama vimesogea vilivyotakiwa. Kimoja kisiposogea sawasawa, ndege hairushwi. Ndege ikipata hitilafu angani hufungua mwavuli wake yenyewe na kushuka, na mafundi huifuata ilipo, kwa gari au kwa miguu, wakaibeba hadi karakana na kuisoma kumbukumbu ya safari yake siku hiyo hiyo.